Chumba Kidogo, Sauti ya Sinema: Saundiba, Spika Mbili au Seti ya 5.1?

Mwenye sebule ndogo akiingia dukani kutafuta sauti ya sinema, mara nyingi huelekezwa kwenye boksi kubwa kuliko yote: spika tano, sabufa (spika ya besi), na tarakimu nono za wati ubavuni. Ushauri huo unakitazama kifaa na kukisahau chumba. Ukumbi wa mita 8 kwa 6 huvumilia makosa mengi, kwa sababu spika ikikaa vibaya bado kuna pa kuisogezea. Chumba cha mita 3 kwa 4 hakivumilii. Kochi limeegemea ukuta, mlango unafungukia pale pale ambapo spika ingekaa, na upande wa pili wa ukuta kuna kitanda cha jirani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue ninakotokea. Katika chumba kidogo, la kwanza ni mazungumzo yasikike bila mtu kushika rimoti kila dakika. La pili ni besi iliyodhibitiwa. Idadi ya spika inakuja mwisho kabisa. Kwa mpangilio huo wanabaki washindani wanne: saundiba (spika ndefu nyembamba inayokaa chini ya runinga) peke yake, saundiba yenye sabufa, spika mbili zenye amplifaya ndani yake (na sabufa ukitaka), na seti kamili ya 5.1 (tarakimu ya kwanza huhesabu spika, ya pili sabufa) inayoendeshwa na risiva, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuzipa spika nguvu.

Kabla ya kuwalinganisha, chukua futi kamba upime mambo matatu: nafasi inayobaki kila upande wa runinga, umbali kutoka runinga hadi unapokaa, na umbali kutoka kichwa chako hadi ukuta wa nyuma. Vipimo hivi vitatu vinaamua zaidi kuliko bei. Runinga ya inchi 43 ina upana wa karibu sm 95, ya inchi 50 karibu sm 111, na ya inchi 55 karibu sm 122. Kwenye meza ya sm 150, runinga ya inchi 43 inabakiza sm 27 kila upande, na hapo spika ya mezani yenye upana wa sm 15 hadi 20 inakaa vizuri. Weka ya inchi 55 juu ya meza hiyo hiyo, unabakiwa na sm 14. Mtu anayenunua runinga kubwa kwanza kisha ndipo afikirie sauti, mara nyingi ameshajichagulia saundiba bila kujua.

Kuhusu wati

Hili nalimaliza haraka, kwa sababu ndilo linalopoteza pesa za watu wengi. Spika ya kawaida ya mezani hutoa karibu dB 86 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kwa dB 6. Ndani ya chumba hushuka pungufu ya hapo, maana kuta huirudisha. Ukiwa na spika mbili, basi, kila moja ikila wati 1 tu, pale ulipokaa umbali wa mita 2 unapata karibu dB 83. Zipe wati 20 kila moja, umeshavuka dB 95. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, imeiweka dB 85 kuwa kikomo cha wastani kwa saa 8 za kazi. Chumba kidogo hakihitaji wati 1,000. Kinachohitajika ni wati chache zilizo safi, na maandishi ya RMS (wati za kudumu) badala ya PMPO (wati za kilele), kwa kuwa PMPO haina kipimo kinachokubalika na kila mtengenezaji huandika anachopenda.

Saundiba dhidi ya spika mbili

Hapa ndipo uamuzi wa watu wengi ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuanze na upana wa sauti. Katika pendekezo lake BS.775, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, huiweka spika ya kushoto na ya kulia nyuzi 30 kila upande mbele ya msikilizaji, jumla nyuzi 60. Saundiba ya sm 80, ukiitazama kutoka mita 2.5, inafungua nyuzi 18 tu, na hapo tumehesabu ncha kwa ncha ilhali spika zake za ndani ziko karibu zaidi. Spika mbili zilizoachana kwa mita 1.6, kwa umbali huo huo, zinafungua nyuzi 35. Bado hazifikii 60, lakini tofauti yake na saundiba inasikika mara moja: gari linapopita kwenye picha, sauti inatoka nje ya ukingo wa runinga upande mmoja na kuishia nje ya ukingo wa pili. Kwa saundiba ya kawaida gari linapita ndani ya fremu.

Wenye saundiba za bei ya juu watasema zao hurusha sauti kwenye kuta za pembeni ili irudi kana kwamba imetoka huko. Ni kweli, na zikipata chumba kinachofaa kazi hiyo huifanya vizuri. Sharti lake ni kuta mbili, moja kila upande, zilizo tupu na zinazolingana umbali. Upande mmoja ukiwa na pazia zito na mwingine una mlango ulio wazi, sauti ya kurudi inapatikana upande mmoja au haipatikani kabisa. Vyumba vidogo mara nyingi ni vya namna hiyo hiyo: kona moja kabati, kona nyingine uwazi wa kuelekea jikoni.

Sasa mazungumzo. Hapa saundiba nzuri ina hoja nzito. Katika sauti ya sinema ya chaneli nyingi, sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia chaneli ya katikati. Saundiba yenye spika halisi ya katikati (iliyoandikwa 3.1 au 5.1, si 2.1) huyatoa maneno chini ya uso wa mwigizaji, na kila aliyeko kwenye kochi huyasikia yakitoka hapo. Spika mbili hazina katikati. Huitengeneza kwa pamoja: kushoto na kulia zikitoa sauti ileile kwa wakati mmoja, masikio ya aliyekaa kati huisikia ikitoka kwenye kioo. Kwa aliyekaa kati hali hii ni nzuri kabisa, mara nyingi nzuri kuliko saundiba, kwa kuwa spika zenyewe ni kubwa na sauti ya mtu ina kifua. Lakini aliyekaa mwisho wa kochi, karibu na spika ya kulia, ataona mwigizaji anaongea katikati huku maneno yakitoka kulia.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni watu wangapi hutazama kwa kawaida. Mmoja au wawili, spika mbili. Wanne waliobanana kwenye kochi moja kila jioni, saundiba yenye katikati halisi. Sijaona kigezo kingine kinachotenganisha vifaa hivi viwili kwa usafi kama hiki.

Kuna pia suala la ukubwa wa boksi. Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo herufi H katika kampuni ya spika ya KLH, aliacha kanuni ambayo wahandisi wa spika wanaitumia hadi leo: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, kati ya hayo matatu utapata mawili. Saundiba ina spika za sm 5 hadi 8 ndani ya kasha jembamba. Spika ya mezani yenye koni ya inchi 5 na boksi la lita kadhaa inashuka hadi Hz 50 au 60 (mitetemo kwa sekunde; tarakimu ikiwa ndogo, besi ni ya chini zaidi) bila msaada. Kwa muziki hakuna ushindani hapo: spika mbili zinashinda, na zinashinda kwa mbali. Kama chumba hicho hicho ndicho unachosikilizia nyimbo mchana kutwa, tayari umepata jibu.

Upande wa maisha ya kila siku, saundiba ina utulivu wake. Waya mmoja wa umeme, mmoja wa HDMI, imekwisha. Mtoto hawezi kuiangusha kwa urahisi. Spika mbili zinataka mahali imara, waya unaoziunganisha kupita nyuma ya meza, na zile zenye tundu la hewa mgongoni zinataka angalau sm 15 hadi 20 kutoka ukutani, la sivyo besi inavimba. Meza yako ikiwa imeshikana na ukuta, tafuta zenye tundu mbele au zisizo na tundu kabisa.

Sabufa: msaada au adui?

Kwenye chumba kidogo sabufa ndiyo kifaa kinachoweza kukupa raha kubwa kuliko vyote, na ndiyo kinachoweza kuharibu kila kitu. Sababu ni urefu wa mawimbi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde kwenye joto la kawaida la chumba. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8.6, yaani zaidi ya maradufu ya urefu wa chumba chako. Halipiti kama sauti ya kawaida. Linarudishwa na kuta na kujibandika humo, likiwa kubwa sehemu moja na kukaribia kupotea sehemu nyingine.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 4 kinavuma kwenye Hz 43. Upana wa mita 3 unavuma kwenye Hz 57. Dari ya mita 2.5 inavuma kwenye Hz 69. Mavumo hayo huwa na nguvu zaidi kando ya kuta, na ya kwanza huelekea kutoweka katikati. Ndiyo maana aliyekaa kwenye kochi lililogusa ukuta hulalamika kwamba besi inaziba maneno, na aliyesimama katikati ya chumba husema sabufa haifanyi kazi. Wote wawili wanasema kweli. Ni chumba kinachowagawia tofauti. Chumba cha mraba, mita 3 kwa 3, ni kigumu kuliko vyote, kwa sababu urefu na upana vinavuma kwenye masafa yale yale.

Kuna njia ya kupata mahali pa sabufa ambayo haigharimu chochote. Ibebe sabufa uiweke pale unapokaa, juu ya kochi lenyewe. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka ngazi. Kisha piga magoti, kichwa kikiwa kwenye kimo cha sabufa, utambae pembeni mwa chumba, ukisimama kila baada ya nusu mita. Kwenye kona utasikia noti moja ikiunguruma na nyingine zikimezwa. Ukisogea kidogo kando ya ukuta, utafika mahali ambapo noti zote zina uzito unaokaribiana. Hapo ndipo sabufa inakaa. Inaonekana kichekesho kwa anayekutazama, lakini mabadiliko yake ni makubwa kuliko kununua sabufa ya bei maradufu.

Hapo hapo kuna mtego wa saundiba zenye sabufa ambao maduka hayausemi. Kwa kuwa saundiba nyembamba haiwezi kushuka chini, sabufa yake hulazimika kuanza kazi juu sana, kwenye Hz 150 au hata 200. Masikio hushindwa kutambua sauti inatoka wapi ikiwa chini ya takribani Hz 80, ndiyo maana kiwango hicho kimezoeleka kuwa mpaka wa kukabidhiana kati ya spika na sabufa. Zaidi ya hapo yanatambua. Na sauti ya mwanamume huanzia karibu Hz 85 kwenda juu. Ukiiweka sabufa ya namna hiyo kwenye kona ya nyuma kwa kuwa ndiyo kona pekee iliyo tupu, sehemu ya sauti ya mwigizaji itatoka nyuma yako. Sabufa ya saundiba ikae mbele, ndani ya mita moja hivi kutoka kwenye saundiba. Sabufa inayoshirikiana na spika mbili za koni ya inchi 5 inaweza kukabidhiwa kuanzia Hz 80 na kufichwa popote inapopiga vizuri.

Kwa aina, chagua ndogo isiyo na tundu, yenye koni ya inchi 8, boksi la karibu sm 30 kila upande. Sabufa iliyofungwa hupungua taratibu inaposhuka chini, na chumba kidogo chenyewe huinua masafa ya chini kabisa, hivyo vinafidiana. Sabufa kubwa yenye tundu kwenye chumba hicho huishia kupunguzwa mpaka karibu na sifuri, na pesa zako zimelala.

Je, ni lazima? Kwa spika mbili nzuri za mezani, hapana. Ningeanza bila sabufa, nikae miezi kadhaa, ndipo niamue. Kwa saundiba nyembamba, sinema za vita na mapigano bila sabufa zitakuwa kavu.

Seti ya 5.1, na kwa nini wengi wataijutia

Seti kamili ikikaa panapofaa, hakuna kati ya hizi nyingine inayoifikia. Mvua inanyesha pande zote, mtu anabisha mlango nyuma yako na unageuka kweli. Sitaki kumkatisha tamaa mwenye nafasi.

Tatizo ni hiyo nafasi. ITU huziweka spika za pembeni kati ya nyuzi 100 na 120, yaani kando ya msikilizaji na nyuma kidogo. Kochi likiwa limegusa ukuta, hakuna nyuma. Watu huzitundika basi ukutani juu ya kichwa au kuzisukuma kwenye kona za nyuma, na zinaishia sm 60 kutoka sikioni. Tuseme chumba kina upana wa mita 3 na mmoja wenu amekaa pembeni, sm 70 kutoka spika ya kushoto na mita 2.3 kutoka ya kulia. Tofauti ya umbali peke yake inaipa ya kushoto zaidi ya dB 10, na dB 10 sikioni ni kama sauti iliyoongezeka maradufu. Kuta za chumba hupunguza pengo hilo kidogo, lakini mtu huyo bado atatazama sinema nzima akisikia spika moja inampigia sikioni. Kwenye risiva unaweza kusawazisha kwa ajili ya kiti kimoja. Huwezi kusawazisha kwa viti vitatu.

Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kulisogeza kochi angalau mita moja kutoka ukuta wa nyuma, au kuziweka spika za pembeni mita 1.2 au zaidi kutoka kila kichwa, acha 5.1. Ukiweza, nunua bila kusita.

Kuna mambo mengine. Risiva ya kawaida ina upana wa karibu sm 43 na kimo cha sm 15 hadi 17, inatoa joto, na inataka hewa juu yake. Kabati lililofungwa litaiua. Zipo nyembamba za kimo cha karibu sm 10 na hizo ndizo za kuzitazama. Spika za nyuma zisizo na waya hazina waya wa sauti tu. Waya wa umeme zinao, na soketi ya nyuma ya kochi lazima iwepo.

Kisha kuna tofauti kati ya seti ya boksi moja na seti unayojijengea. Ile ya boksi, yenye spika ndogo za plastiki na sabufa inayobeba amplifaya zote, mimi siinunui wala simshauri mtu. Plagi zake mara nyingi ni za kampuni yenyewe, spika zake hazifai kwingine, na amplifaya ikifa vyote sita vimekufa. Risiva na spika zisizo na umeme ndani unaweza kuvinunua kimoja kimoja, na spika hizo hudumu miongo huku risiva zikibadilishwa. Saundiba iko upande wa seti ya boksi katika hili: ikiharibika sehemu moja, mara nyingi imeharibika yote.

Atmos na dari yako

Dolby Atmos, mfumo unaoongeza sauti zinazotoka juu ya kichwa, iliingia kumbi za sinema mwaka 2012 na majumbani 2014. Saundiba nyingi leo zina maandishi hayo, na baadhi zina spika zinazotazama juu ili sauti igonge dari na kushuka. Hilo linataka dari tambarare, ngumu, ya kimo cha wastani. Dari ya mteremko, ya mbao zenye mianya, au iliyopambwa kwa ngazi ngazi huvunja mchezo. Ukiwa na dari tambarare ya zege au jasi na ukakaa mita 2 tu kutoka kwenye saundiba, unaweza kupata kitu. Lakini saundiba ya bei ya kati isiyo na spika za kutazama juu inayodai Atmos inafanya hesabu za kidijitali tu, na pesa hizo hizo zingekupa katikati halisi na sabufa bora. Kati ya viwili hivyo, ningechukua katikati halisi kila mara.

Waya

Unganisha kwa HDMI ARC, njia inayoirudisha sauti ya runinga kwenye spika kupitia kebo ya HDMI. Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na ndugu yake mkubwa eARC akaja na HDMI 2.1 mwaka 2017. ARC inapitisha Dolby Digital Plus, muundo wa sauti ambao huduma za kutiririsha filamu huutumia kuleta Atmos, kwa hiyo anayetazama kupitia intaneti pekee hana haja ya kulipia zaidi kwa ajili ya eARC. Faida kubwa ya ARC ya kila siku ni kwamba rimoti ya runinga inaongoza sauti na kifaa kinawaka chenyewe.

Spika mbili nyingi za bei nafuu hazina HDMI. Zina kebo ya mwanga. Sauti yake ni safi kwa chaneli mbili, ila rimoti ya runinga kwa kawaida haitaamuru sauti kupitia kebo hiyo. Kama kuna wazee au watoto nyumbani, usahili wa rimoti moja pekee unatosha kukufanya ulipie zaidi kwa zenye HDMI.

Bluetooth iache kwa muziki. Ucheleweshaji wake kwa kawaida ni ms (milisekunde) 100 hadi 200 au zaidi, na ITU iliona kuwa watazamaji huanza kugundua midomo na maneno kuachana sauti ikichelewa kwa karibu ms 125.

Jirani na saa za usiku

Sauti za juu zinazuiwa na ukuta wa kawaida. Besi hupenya, kwa kuwa kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo ukuta unavyohitaji uzito zaidi kuyazuia. Zulia na pazia hupunguza mwangwi wa chumbani na kuyafanya maneno yaeleweke zaidi, lakini besi haizijali. Mpira chini ya sabufa huzuia mtikisiko usiingie sakafuni, jambo la maana kwa aliye ghorofa ya juu, ila hauzuii besi inayopita hewani.

Kwa hiyo aliyepakana na majirani pande zote aitazame upya orodha yetu. Spika mbili bila sabufa zinapanda ngazi. Seti ya 5.1 inashuka. Na kifaa chochote utakachochagua, kiwe na hali ya usiku inayopunguza milipuko na kuinua minong'ono. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza besi haraka zaidi kuliko sauti za kati sauti inapopunguzwa. Ndiyo maana filamu iliyokuwa nene saa mbili usiku inasikika nyembamba saa sita. Ekolaiza inayoinua besi kidogo kwa sauti ndogo hurekebisha hilo bila kumwamsha mtu. Na kwa aliyepanga chumba kimoja chenye kuta za mbao, hedifoni nzuri za waya zitampa filamu kamili kuliko chochote nilichotaja hapa. Hilo nalisema kwa dhati, maana watu huliruka kana kwamba si jibu.

Ningechagua nini

Mmoja au wawili, nafasi ya sm 20 kila upande wa runinga, muziki pia unapigwa: spika mbili zenye amplifaya na HDMI, koni ya inchi 5, bila sabufa kwa kuanzia. Hili ndilo chaguo langu kwa vyumba vidogo vingi, na ndilo ambalo maduka hulionyesha kwa nadra kuliko yote.

Familia kwenye kochi moja, runinga imejaza meza: saundiba ya 3.1 yenye spika halisi ya katikati, sabufa yake ikae mbele. Usishuke hadi 2.1 ili kuokoa kiasi kidogo. Hapo unapoteza kile hasa ulichokifuata.

Kochi linaweza kusogea mbele mita moja na una uvumilivu: risiva nyembamba na spika mbili nzuri sasa, katikati baadaye, sabufa baada ya hapo, za pembeni mwisho. Kwa mpangilio huo kila hatua inakupa mfumo unaotumika tangu siku ya kwanza, na ukigundua njiani kwamba tatu zimetosha, unasimama hapo.

Ukienda kuvisikiliza, usikubali onyesho la milipuko ambalo kila duka huwa nalo tayari. Omba mandhari ya watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya chini huku mvua ikinyesha au magari yakipita, na sauti ipunguzwe mpaka kiwango ambacho ungetumia usiku nyumbani. Kaa umbali ule ule uliopima kwa futi kamba. Fumba macho usikilize s, f na sh, kwa maana konsonanti hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno, na spika mbovu huzimeza kwanza. Kisha sogea kwenye kiti cha pembeni usikilize tena. Ukilazimika kuomba waongeze sauti ili uelewe, kirudishe rafuni uombe kinachofuata.